Kebo za intaneti za baharini zilifika Mombasa kitambo, mbona waifai ya nyumbani bado ni ghali?

Hili swali linaulizwa sana na majibu yake huwa mafupi mno, mtu anakwambia kampuni zinatunyonya, mwingine anasema ni ushuru, mwingine anasema ngoja setilaiti zishuke bei utaona, na kila mmoja ana ukweli kidogo ila hakuna anayeeleza jambo lote. Kwa hivyo nataka tulifungue kipande kwa kipande, nikitumia Nairobi maana ndiyo naijua vizuri, na ukiwa Kisumu au Mombasa utaona mengi yanafanana.

Tuanze na mfuko. Chukua familia ya kawaida pale Kayole, chumba kimoja, baba anafanya kazi ya mjengo, mama anauza mboga, watoto watatu wako shule, na simu ya maana ni moja. Asubuhi mama ananunua bando la bob 20, yaani shilingi 20, la saa moja aongee na anayemletea nyanya, jioni mtoto ameambiwa na mwalimu atafute picha za wanyama wa porini, linanunuliwa lingine, alafu usiku baba anataka kuona mabao, linanunuliwa tena. Hakuna saa hata moja wamehisi wametumia pesa nyingi. Lakini bob 50 kwa siku ni 1,500 kwa mwezi, ikifika 70 ni 2,100, na hiyo pesa yote imeingia kwenye simu moja, na saa ikiisha hata kama MB zimebaki zinaenda nazo. Mtoto wa pili hakupata, mtoto wa tatu hata hakuomba.

Sasa weka hiyo kando ya waifai ya fiba, ule waya wa kioo unaoletwa hadi nyumbani. Kwa bei za 2024, kifurushi cha Safaricom cha 15 Mbps (Mbps ni kipimo cha spidi) kilikuwa 2,999 kwa mwezi. Mshahara wa chini kabisa wa kisheria kwa kibarua wa Nairobi, baada ya ile nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024, ulikuwa 16,113 na senti kidogo. Yaani karibu shilingi 19 kati ya kila 100 anazopata zingeenda kwa waifai, kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya unga. Kuna lengo liliwekwa mwaka 2018 na ile tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti, kwamba kufikia 2025 intaneti ya kiwango cha kuanzia isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Asilimia 2 ya huyo kibarua ni bob 322. Na hapo kuna jambo watu hulipita haraka, kwamba lengo lenyewe linapimwa kwa wastani wa nchi nzima, na wastani unachanganya mtu wa Karen kwa matajiri na mtu wa Mukuru kwenye mabanda, kwa hivyo nchi inaweza kuandikwa imefikisha lengo na bado huyu wa Mukuru ako mbali kabisa.

Ukitaka kuelewa hii hali fikiria maji. Mwenye bomba ndani ya nyumba analipa kidogo kwa kila lita, na yule wa mtungi wa lita 20 analipa zaidi kwa maji yale yale kwa sababu ananunua kidogo kidogo na hana bomba. Bando ni mtungi. Siongei vibaya juu ya bando, bando zimefanya watu wengi wasio na mshahara wa mwezi wapate intaneti, kwa sababu mtu anayelipwa kila jioni hawezi kutoa 3,000 tarehe moja, hata kama kwa mwezi mzima anatumia hizo hizo 3,000. Shida ni kwamba kwa bando hakuna siku utafika mahali nyumba nzima iko mtandaoni.

Sensa ya 2019 ilionyesha kaya zenye intaneti ni kama 18 kati ya kila 100, na nchi ina kaya zaidi ya milioni 12. Miezi michache baadaye, Machi 2020, shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Kuna watoto waliendelea kusoma na mwalimu wao kwa Zoom na kuna watoto walibaki na redio, na wote walikuja kufanya mtihani ule ule. Mimi hiyo ndiyo sababu naandika hivi, kwa sababu siku hizi maombi ya chuo ni ya mtandaoni, mkopo wa HELB wa wanafunzi wa chuo ni wa mtandaoni, huduma za serikali zimehamia tovuti ya eCitizen kwa maelfu, na mtoto asiye na mahali pa kutulia na intaneti jioni ameachwa nje ya mambo yanayomhusu kabisa.

Sasa twende baharini, kwa sababu wengi wanadhani ughali uko huko. Kabla ya 2009 pwani yetu yote ilitegemea setilaiti, na ilikuwa ghali na polepole. Mwaka huo 2009 zikaja kebo mbili Mombasa, TEAMS iliyotoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, ambayo serikali ya Kenya yenyewe iliingia ubia na kampuni za simu, na SEACOM iliyowashwa Julai. EASSy ikafuata 2010, LION2 ikaja 2012, na nyingine zimeongezeka, PEACE ilifika 2022. Kila kebo ikifika, bei ya jumla inashuka, ile bei ambayo kampuni inanunua intaneti kwa wingi. Pia kebo nyingi zinasaidia moja ikikatika, ingawa tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa kusini na Kenya, Uganda, Rwanda na zaidi sana Tanzania wakakaa na intaneti ya kusuasua.

Na kuna kitu kingine kinapunguza gharama ambacho hakizungumziwi kabisa. Nairobi kuna kituo kinaitwa KIXP ambapo kampuni za intaneti zinabadilishana data hapa hapa bila kuipeleka ng'ambo na kuirudisha. Kilianza 2000, kikafungwa na mdhibiti, kikafunguliwa tena 2002. Zamani barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area ilikuwa inaweza kuzunguka hadi Ulaya au Marekani. Utafiti wa Internet Society wa 2020 ulionyesha kwamba mwaka 2012 data iliyokuwa inapatikana hapa nchini ilikuwa kama asilimia 30, na kufikia 2020 imefika 70, kwa sababu kampuni kubwa kama Google na Netflix zimeweka seva zao, zile kompyuta zinazohifadhi video, karibu. Yaani ile video mtoto anaangalia Kayole sana sana haijavuka bahari yoyote.

Kwa hivyo kama bahari imeshuka bei na video ziko hapa hapa, pesa inaenda wapi? Inaenda kwenye kile kipande cha mwisho, kutoka barabara kubwa hadi mlango wako, na hapa ndipo jambo lenyewe liko.

Fiba ya nyumbani inafanya kazi hivi. Kampuni ina mtambo mahali, kutoka kwa huo mtambo unatoka uzi mmoja wa kioo, uzi unafika kwa kisanduku juu ya nguzo au ukutani, na pale ndani unagawanywa mara 32 au hata 64, kila tawi linaenda kwa mteja mmoja. Ule uzi mmoja unabeba kama 2.5 Gbps, yaani Mbps 2,500, na wote mnagawana. Mpaka hapo hakuna ughali mkubwa. Ughali ni kuchimba, au kulipia nguzo za Kenya Power, kulipa kaunti ada ya kupitisha waya, kumlipa fundi, kununua raota, kile kisanduku kinachorusha waifai ndani ya nyumba, na kile kifaa kinachopokea fiba, na hizo zote kampuni inazitoa kabla hujalipa hata shilingi moja. Wakikwambia kuunganishwa ni bure ujue gharama imewekwa ndani ya bei ya kila mwezi, na wanahesabu kwamba utakaa nao muda mrefu ndio irudi.

Sasa jiweke mahali pa kampuni. Kuna gorofa Kilimani yenye nyumba 60, waya mmoja unapanda ngazi, nyumba 40 zinalipa kila tarehe tano. Na kuna ploti ya mabati Mukuru, njia ni nyembamba, hakuna ramani, waya utapita juu ya paa za watu wengine, kati ya vyumba 60 labda 15 watajiunga, na kati ya hao 15 kila mwezi watano hawajalipa kwa sababu kazi ya mjengo ilisimama, wengine wamehama na raota. Mtu wa hesabu ataenda Kilimani, na sidhani ni roho mbaya. Na mara nyingi hata pale kwenye gorofa za bei ya chini, Pipeline, Githurai, Kasarani, kuna mtu wa katikati, landilodi au anayesimamia ploti, ambaye ameshaongea na kampuni moja na hataki nyingine iingie, au anataka kitu kidogo kwa kila nyumba inayounganishwa. Hiyo pesa pia inaishia kwa mpangaji.

Ndio maana waliofanikiwa kushuka bei mtaani waliacha kuchimba. Poa Internet walianzia Kibera kwa njia hii, antena inawekwa juu ya jengo refu, inarusha intaneti kwa masafa ya 5 GHz ambayo hayana haja ya kununuliwa, na nyumba inawekewa kasahani kadogo kwenye paa, na bei yao ikawa karibu 1,500 kwa mwezi bila kupimiwa GB. Angalia hiyo bei vizuri. Ni ile ile ya bob 50 kwa siku. Sidhani ni bahati, nahisi mtu aliketi akaangalia familia inatumia nini tayari kisha akajenga mtandao unaoweza kulipiwa na hiyo pesa. Shida za njia hii ni kwamba antena lazima zionane, jirani akiongeza gorofa mbili umekatwa, na stima ikipotea kwenye lile jengo la juu mtaa wote unazima hata kama kwako tokeni za stima ziko. Tukiongelea tokeni, raota ya kawaida inakula kama wati 10, ikiwaka mchana na usiku ni kama yuniti 7 kwa mwezi, kwa hivyo ukipiga hesabu ya waifai ongeza na hiyo.

Alafu kuna ile ya mtaani kabisa, ambayo pengine ndiyo inakua haraka. Kijana anachukua laini moja ya fiba, ananunua raota ya MikroTik, anaunganisha antena chache na waya wa mtandao wa Cat 6 unaopita koridoni kutoka ploti moja hadi nyingine. Ukiwasha waifai ya simu yako inakuja kurasa ya kuchagua, bob 10 saa moja, bob 30 siku nzima, labda 500 au 600 mwezi, unaweka namba, M-Pesa inakuuliza pini, umeingia. Kwa upande wa malipo hii imejibu kila kitu nilichosema juu, mtu analipa vile anavyopata pesa, na kwa mwezi inaweza kuwa nusu ya bando au chini ya hapo. Lakini kisheria kuuza intaneti kunataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na wengi hawana, na zile kampuni kubwa zinakataza laini ya nyumbani kuuziwa watu wengine. Kwa hivyo mtandao unaotegemewa na nyumba 40 unaweza kuzimwa asubuhi moja na huna pa kulalamika. Ningependa hao vijana wasaidiwe kupata leseni ya bei wanayoweza badala ya kukatiwa waya, kwa sababu wamefika mahali wenye leseni wamekataa kufika.

Hapa inabidi nieleze spidi, watu wanaumizwa sana hapa. Ukiambiwa waifai ni "100 Mbps" swali la maana ni mnagawana wangapi. Laini ya 100 Mbps ikigawanywa nyumba 30 si mbaya hata kidogo, kwa sababu hamko wote mtandaoni kwa wakati mmoja, hata saa mbili usiku wakiwa 20 wanaangalia video kila mmoja anabaki na kama 5 Mbps, na 5 inatosha video safi. Lakini laini ikiwa ya 20 Mbps na nyumba ni 30, saa ile ile kila mmoja ana 1, na hapo darasa la Zoom linakwama, sauti inakatika. Kampuni kubwa pia zinagawa hivi hivi, tofauti ni kiwango. Na neno "bila kikomo" lina masharti chini yake, mara nyingi kuna kiwango cha GB ukikipita spidi inashushwa hadi mwezi uishe, na hicho kiwango kimeandikwa mahali, omba uonyeshwe.

Setilaiti sasa. Starlink ilianza Kenya Julai 2023, na kwa shamba kule Turkana au Samburu ambako hakuna nguzo wala mnara imekuwa ukombozi, shule na zahanati zimefikiwa. Lakini kwa mtaa uliobanana haiwezi kuwa jibu, kwa sababu setilaiti ina uwezo fulani kwa kila eneo, na watu wakiwa wengi mahali pamoja unaisha. Mwisho wa 2024 Nairobi na kaunti za jirani waliambiwa nafasi zimejaa, wateja wapya wakasimamishwa. Na kifaa chenyewe cha maelfu ya shilingi bado ni ukuta kwa huyu wa Kayole. Kabla ya hapo tulikuwa na baluni za Loon za kurusha intaneti kutoka angani, zilizinduliwa na Telkom Kenya Julai 2020 kwa shangwe nyingi, na kufikia Machi 2021 huduma ilikuwa imefungwa. Kila miaka michache kunakuja kitu cha angani na tunasahau nguzo.

Serikali je? Imesema itajenga kilomita 100,000 za fiba na waifai za bure 25,000 sokoni na sehemu za umma. Waifai ya soko inamsaidia mama mboga mchana, hiyo nakubali kabisa, lakini mtoto hawezi kwenda sokoni saa mbili usiku kufanya asainmenti, kwa hivyo tusihesabu hizo kama intaneti ya nyumbani. Kuna pia mfuko wa huduma kwa wote ambao kampuni zenye leseni zinachangia asilimia 0.5 ya mapato yao. Umejenga minara sehemu ambazo hakukuwa na mtandao na umeunganisha shule za sekondari zaidi ya 800. Ni kazi nzuri. Ila mfuko umeangalia sehemu ambazo mtandao haufiki, na familia ya Kayole iko chini ya mnara, mtandao umefika, ni bei haijafika.

Na ushuru ndio huu. Bei ya intaneti inawekewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 (ulianza kwa intaneti 2018, ukapandishwa hadi 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 na Sheria ya Fedha ya 2023), alafu juu ya jumla hiyo inakuja VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Kitu cha shilingi 100 kinakuwa 115, kisha 133.40. Kwa maana hiyo, ukilipa 1,500, karibu 375 imeenda kwa serikali. Serikali hiyo hiyo imehamisha huduma zake nyingi mtandaoni na inamtaka kila mtu aingie. Mimi ningeanza hapa, kifurushi cha nyumbani cha bei ya chini, tuseme chini ya 2,000, kiondolewe ule ushuru wa bidhaa. Ni hesabu ya siku moja, haitaki kuchimba mtaro.

Wengine wanapendekeza ruzuku, serikali imlipie maskini sehemu ya bili. Marekani walifanya, mpango wa ACP ulikuwa unatoa dola 30 kwa mwezi kwa kaya yenye kipato kidogo, kaya zaidi ya milioni 23 zikajiunga, alafu Bunge halikuongeza pesa na tarehe 1 Juni 2024 ukaisha. Bili zikarudi palepale kwa sababu bei yenyewe haikuwa imeguswa. Kwa nchi yenye madeni kama yetu naogopa hiyo njia, afadhali pesa iende kwa nguzo na nyaya ambazo zitabaki.

Na njia nyingine iko tayari kwenye sheria ila watu hawaijui, mitandao ya jamii. Tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina mpango wa leseni kwa kikundi cha wananchi, kikajenga na kuendesha mtandao wake bila kutafuta faida. TunapandaNET ya Kibera imeunganisha shule na vituo vya vijana hivyo. Chama cha akina mama, kanisa, msikiti, shule, wote wanaweza, na wakinunua intaneti kwa jumla bei kwa nyumba moja inashuka sana. Inataka mtu wa kupanda paa kurekebisha antena na mtu mwaminifu wa kushika pesa, na mitaani kwetu vyama vya kuchanga tunavijua kuliko kitu kingine chochote.

Kwa sasa kama unataka kuunganishwa mwezi huu, kabla ya kutoa pesa uliza raota ni ya nani siku ukihama, nikichelewa kulipa wiki moja nakatwa au naweza kulipia siku chache, bila kikomo yenu inashushwa ikifika GB ngapi, laini tunagawana nyumba ngapi, na stima ikipotea juu ya lile jengo mna betri ama hamna. Alafu usipime spidi saa nne asubuhi wakati watu wako kazini, nenda kwa jirani aliyeunganishwa tayari, saa mbili usiku, siku ya wiki, na ujaribu kupiga simu ya video ukiwa kwake.